Tawi Bichi Juu ya Unga

Neno la kwanza nililolisikia kutoka kwake lilikuwa "Wacha."

Nilikuwa nimehamia Bwera asubuhi hiyo. Cherehani yangu ilikuwa bado imefungwa kwa mipira, godoro limeviringishwa mlangoni, na mimi nikizunguka uani kutafuta bomba liko wapi. Nikaona kinda la ndege limekaa chini karibu na shina la mparachichi. Lilikuwa kinda la shore, yule ndege wa kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia, anayeamsha mitaa mizima kwa kelele zake. Mkia wake ulikuwa bado kibutu. Liliniangalia tu, halikukimbia, nami nikainama kuliokota. Kichwani nilishapanga kila kitu: boksi la viatu, vipande vya kitambaa, uji mwepesi wa kulishia kwa kijiti.

"Wacha," mtu alisema nyuma yangu. "Ule mutoto iko na mama yake."

Aliyesema alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana, unga umemkaa mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimu. Alikwenda kwenye michongoma ya mwenye nyumba, akavunja kitawi chenye majani mabichi, akakilaza chini kando ya lile kinda kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Halafu akanishika mkono, mimi mgeni asiyemjua hata kwa sura, akanivuta mpaka mlangoni kwake na kunikalisha juu ya gunia.

"Tukae mbali. Akituona, hatashuka."

Nilimwambia paka atalila. Akasema leo paka hayupo. Nikamwambia jua ni kali. Akasema jua hilo nalo lina haraka gani. Nikamwambia, na hapo nilikuwa nimeshaanza kuudhika, kwamba nina vitu vya kufungua. "Utafungua kesho," akasema, macho yake hayatoki pale chini.

Tukakaa. Mwishowe shore mkubwa akashuka na kitu cha kijani mdomoni, akaruka ruka, akalitia kinda lile chakula kooni, akaondoka. Yule mwanamke akashusha pumzi ndefu. Nilimtazama nikaona macho yamemjaa machozi, na nikafikiri, haya, nimepanga nyumba moja na kichaa.

"Umeona? Alirudi," akasema, akajitwika gunia lake kichwani, akaenda sokoni.

Jina lake nililijua baadaye, lakini nilimwita Jirani miaka yote niliyokaa pale, naye aliniita Fundi, na sitabadilisha sasa.

Jirani aliuza unga wa muhogo soko la Mpondwe, karibu na mpaka wa Congo, pamoja na wenzake waliotoka upande wa Beni na Butembo. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, rozari shingoni, na kopo lake la kupimia unga lilikuwa limebonyezwa kitako kwa makusudi. Bwera nzima ilijua habari ya kopo hilo. Siku moja nilimuuliza waziwazi.

"Ilianguka," akasema.

"Ilianguka wapi?"

"Congo."

Kila kitu chake chenye kasoro kilikuwa kimeangukia Congo: kopo, meno mawili ya mbele, kifuniko cha sufuria, hata saa ya ukutani ambayo nilikuwepo alipoinunua pale pale Mpondwe. Lakini akija mama mwenye mtoto mgongoni, angejaza kopo lile, aongeze kwa kiganja, aongeze tena, huku akigombana na mtu mwingine ili asionekane anachofanya. Nilijaribu mara nyingi kupatanisha kopo na kiganja katika mtu mmoja. Nilishindwa, nikaamua kumpenda hivyo hivyo.

Ulimi wake ulikuwa mkali. Cherehani yangu aliiambia ina kifua, niipeleke hospitali. Lhukonzo yangu, lugha ya wenyeji wa pale, aliicheka mbele za watu. Mimi ni mtoto wa nyumba za wafanyakazi wa Kasese, ninakijua Kiswahili cha mjini, na Lhukonzo yangu ni ya kununulia nyanya tu. Yeye na wanawake wa pale walielewana bila shida, kwa kuwa Kinande cha kwao na Lhukonzo ya hapa ni ndugu wa karibu. Kwangu alilazimika kurudi kwenye Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka, na alinifanya nihisi ni kazi ninampa.

Alikuwa na redio ndogo aliyoitumia kwa jambo moja. Redio za kwetu husoma matangazo ya vilivyopotea: mbuzi, vitambulisho, vyeti vya shule, wazee waliotoka nyumbani wasirudi, na watoto. Wakati huo ukifika, ua mzima ulinyamaza. Mimi niliondoa mguu kwenye pedali. Mwenye nyumba, mjane wa Kikonzo aliyependa kusikilizwa kuliko kusikiliza, naye alifunga mdomo. Jirani alisimama katikati ya ua na redio sikioni, akisikiliza tangazo la mbuzi kwa uzito ule ule wa tangazo la mtu. Yakiisha aliizima. Habari hakuzitaka, nyimbo hakuzitaka. "Betri," alikuwa akisema, ingawa tulijua sote kwamba si betri.

Na kitu kilichoanguka chini hakukigusa kamwe. Si ndala, si leso, si kuku aliyeponyoka kwenye tenga. Aliweza kusimama kando ya kitu cha mtu mpaka mwenyewe aje. Niliwahi kumkuta nje ya soko, amesimama karibu na fungu la majani ya muhogo lililodondoka kutoka kwenye baiskeli ya mtu, wateja wake wanajaza mifuko kwa muuza unga wa pili. Nilimwambia achukue tu, yatanyauka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mwenyewe anarudi," alisema.

Kile kitawi nilikielewa nilipoanza kuzoea watu wa mpakani. Wanawake wanaobeba mizigo kuvuka mto Lhubiriha mara nyingi wana mizigo miwili na kichwa kimoja. Kwa hiyo mtu hubeba wa kwanza, akautanguliza mpaka mahali fulani njiani, akautua, akarudi kuchukua wa pili, na hivyo hivyo mpaka afike. Mzigo uliotuliwa huwekewa tawi bichi juu yake. Tawi bichi maana yake mwenyewe yuko nyuma, anakuja. Mzigo wenye tawi hauguswi na mtu. Nimeona wahuni wa soko, vijana wanaoweza kukuibia kofia ukiwa umeivaa, wakiuzunguka mzigo wenye tawi na kupita. Tawi likinyauka ndipo watu huanza kuulizana.

Nilidhani basi nimemjua Jirani: mama wa mizigo, ameleta desturi ya njiani mpaka kwenye makinda ya ndege. Nilicheka peke yangu. Sikujua bado nilikuwa nimecheka jambo gani.

Nguo ndizo zilizonifumbua macho.

Kila mwaka Noeli ikikaribia alinijia na kitambaa. Kitambaa kizuri, si cha bei ya chini, cha maua makubwa. "Nishonee robe ya mutoto," akasema mara ya kwanza. Nikamuuliza vipimo. Akanivuta, maana kwake mazungumzo yalianza kwa kuvutwa, mpaka kwenye lango wakati watoto wanatoka shule.

"Ule," akasema, akinyoosha kidole kwa msichana wa darasa la kwanza hivi. "Apana, ule iko mwembamba sana. Ule kule, wa begi ya nyekundu."

Nilimwita mtoto wa watu, nikampima mabega na kiuno, nikampa ndizi. Nilishona. Jirani aliitundika nguo ile kwenye msumari ukutani kwake, ikakaa pale Noeli yote, ikakaa Januari. Kwaresima ilipoanza aliitoa, akampa mtoto yeyote wa mtaani iliyemtosha, na tangu siku hiyo mtoto yule akipita amevaa, Jirani alikuwa na kazi ya ghafla ndani ya nyumba.

Mwaka uliofuata tulisimama tena langoni. Kidole chake kilikwenda kwa wasichana wakubwa kidogo. Nilifikiri ana mjukuu Butembo ambaye njia za vita hazimruhusu kumpelekea zawadi. Nilikuwa napiga pindo la nguo hiyo ya pili nilipomuuliza, bila kuinua kichwa, mtoto huyu anaishi wapi.

Alikuwa ananipepetea unga wa jioni. Hakuacha kupepeta.

"Sijue," akasema. "Nilimuwekaka chini."

Akanisimulia. Walikimbia kijijini kwao kabla jua halijapanda vizuri, watu wenye mapanga na bunduki walipofika kwa jirani zake. Mumewe alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa. Alikuwa na binti mdogo, umri wa kuongea maneno yote lakini si wa kutembea mwendo mrefu. Alikuwa na mfuko wa unga, kwa sababu bila unga wasingefika popote. Na alikuwa na mama mkwe ambaye miguu yake ilikuwa imekufa. Mizigo ilizidi mgongo. Akafanya alichokifanya maisha yake yote. Alimbeba mtoto na unga, akawatanguliza mpaka mahali penye nyasi ndefu kando ya njia, akawatua. Akamwambia mtoto, ikala hapa, kaa, usilie, usitoke, mama anakuya. Akavunja tawi bichi, akampa mtoto alishike. Akarudi kumchukua mama mkwe.

Alipofika tena, bibi mgongoni, mfuko wa unga ulikuwepo. Mtoto hakuwepo. Lile tawi lilikuwa limelazwa vizuri juu ya unga.

"Angetoka mwenyewe," nilisema. Nilisema tu ili niseme kitu.

"Nilimuambiaka asitoke. Alikuwaka mutoto wa kusikia." Akatikisa ungo. "Kuna mutu alimubeba. Na si mutu mubaya. Mutu mubaya angebeba bunga, angemuacha mutoto."

Nikaacha kushona.

"Na alijua tawi, Fundi. Alilitoa mu mukono ya mutoto, akaliweka juu ya bunga, muzuri kabisa. Alijua mwenyewe nakuya. Ndio ile inanimaliza. Alijua nakuya, akamubeba."

Alimwita mtoto kwa jina, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu kulikuwa na sauti za wanaume chini kidogo ya njia, hazionekani, zinapanda. Aliita kwa kunong'ona kushoto, akaita kulia. Bibi mgongoni alianza kulia, naye akamziba mdomo kwa mkono. Sauti zikakaribia. Aliuacha unga, akaingia msituni na bibi, akatokea Bwera na yule mzee akiwa hai. Mzee aliishi hapa muda kidogo, akafa kitandani, akazikwa kwa misa. Jirani alipalilia kaburi lake kila mwezi na hakusema neno moja la kumlaumu, ingawa aliniambia kwamba mzee mwenyewe, tangu siku ile, hakuwahi kumaliza chakula alichopakuliwa.

Nilimaliza pindo. Nilipindisha mshono na ikabidi nifumue.

Baada ya hapo sikuweza kuiona nguo ile ukutani kama nguo. Nilipoingia kuomba chumvi nilihisi nimeingia mtu akiwa amelala. Mwaka baada ya mwaka mikono yake ilirefuka, kiuno kikajitenga na kifua. Mwaka mmoja Jirani alinyoosha kidole kwa wasichana wa sekondari, nikalazimika kumweleza kwa aibu kwamba sasa tutahitaji mikunjo ya kifuani, ya kuachia matiti nafasi. "Amekuwa mwanamuke," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyemletea habari hiyo. Mimi niliyeshona nilimwona mtu huyo akikua mikononi mwangu, na sijawahi kuuona uso wake. Mpaka leo nikikata nguo ya kike bila mteja kuwepo, huinua kichwa kutazama mlango.

Watu walimletea tetesi, naye alizifuata zote. Ibanda, njia ya kwenda mlimani, alisikia kuna msichana aliyelelewa na wakulima. Akaenda, akarudi na kabichi. Bwesumbu walimkaribisha, wakampa maharage na kuku, wakamwitia msichana mwenyewe, na hakuwa yeye, wote wakala chakula kwa huzuni kama watu wa matanga. Katunguru, pale darajani kwa wauza samaki, mwanamke aliyemlea msichana alimzuia mlangoni, kisu cha samaki mkononi, hakutaka hata asogee.

"Nilimuambia, mama, ule mutoto ni wako, mi naangalia tu goti," Jirani alinisimulia, akicheka mpaka akashika mbavu. Binti yake alikuwa na kovu la moto gotini. Msichana wa Katunguru alikuwa na goti safi. "Akafurahi, Fundi. Akanipa samaki kubwa. Alifurahi kama mi ndio nilimuzalia."

Alicheka, akafuta macho, akaacha kucheka. Samaki yule tulimla wote uani, na alikuwa mtamu.

Jina la mtoto hakumwambia mtu. Si redio, si padri, si mimi. Alisema jina likitoka nje, kila mtu ataleta msichana mwenye jina hilo. Jina ndilo lingemtambulisha binti wa kweli. Watu walimwambia ahamie kambi ya wakimbizi, kuna chakula na kipande cha shamba. Alikataa. Aliyembeba mtoto alikimbia pamoja na wengine, na waliokimbia walipita Bwera. Kama watarudi, watapita Bwera. Lango la ua hakuruhusu lifungwe mchana. Mwenye nyumba alilalamika.

"Mbuzi inaingia, inamaliza maua yangu yote. Hii mama atalipa maua?"

"Wacha mbuzi iingie," Jirani alimjibu. "Penye mbuzi inapita, na mutu atapita."

Mimi nami nilimchoka siku moja, nakiri. Ilikuwa mwaka wa kitambaa cha zambarau, tumesimama langoni tunawakagua wasichana wa watu, na walikuwa wameshaanza kututazama vibaya. Nilimwambia, "Mama, huyu sasa ni mtu mzima. Ana mama mwingine. Hata mkikutana hatakukumbuka."

Sikutarajia anijibu kwa upole.

"Si mpaka anikumbuke," alisema. "Akae na mama yake ule mwingine, ni sawa. Mi nilimuambia, ikala, nakuya. Nataka tu ajue nilirudiaka."

Hilo ndilo alilolitaka duniani. Halikuwa kubwa. Hakutaka mtoto arudishwe, alitaka habari imfikie. Nilijiona mjinga, nikampima msichana wa kwanza aliyepita.

Nimerudi Kasese sasa. Nina chumba cha kushonea karibu na stendi, na wateja wanaolipa baada ya kukumbushwa. Mwaka jana, Noeli inakaribia, kitambaa hakikuja. Nikasikia kwa wauza unga kwamba magoti ya Jirani yamegoma, sokoni haendi tena. Nilinunua kitambaa mwenyewe, nikashona kwa kukisia, nikapanda gari la Bwera.

Nilimkuta mlangoni kwake, amekaa juu ya gunia kama siku ile ya kwanza, lakini mabega yameshuka na nywele zimekuwa nyeupe zote, si unga. Lango lilikuwa wazi. Aliipokea nguo, akaipekua ndani nje, akavuta mishono kwa kucha zake.

"Umebana sana hapa," akasema, akishika kiunoni. "Mwaka kesho acha kitambaa mingi mu ndani. Labda iko na tumbo."

Nilisema sawa mama. Nilikwenda kumchotea maji ili asinione uso.

Nikiwa bombani nikaliona. Chini ya mparachichi, karibu mahali pale pale, kinda la shore limekaa, mkia kibutu. Sikufikiri mara mbili, maana nilikuwa nimefundishwa. Nilivunja kitawi kwenye michongoma, nikakilaza kando yake, nikarudi kukaa na Jirani, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayepokea daftari safi. Tukakaa mbali, tukanyamaza.

Paka wa mwenye nyumba akatokea nyuma ya jiko. Kijivu, mnene, asiye na haraka. Nilimkemea, nikamrushia ndala. Alirudi nyuma mpaka kwenye pipa la maji, akajikunja hapo, macho yanaangalia kinda tu.

"Tusiguse," nilisema. "Mama yake anakuja."

Jirani alikuwa anamwangalia paka. Kisha akashika mlango, akainuka. Magoti yalilia, nami nilinyoosha mkono nimsaidie, akausukuma. Alitembea peke yake mpaka mtini, hatua za mtu anayekanyaga matope, akainama kwa tabu, na akaliokota kinda lile kwa mikono miwili. Kile kitawi kilikuwa kimelala upande. Alikinyoosha, akakilaza vizuri pale lilipokuwa, akarudi nalo kifuani mpaka ukutani, akaegemea.

Paka alikuja, akanusa kitawi, akarudi kwenye pipa lake kusubiri.

Halafu shore mkubwa akashuka. Alikuwa na kiwavi mdomoni. Aliruka upande huu wa kitawi, akaruka upande ule. Alitazama chini ya majani. Akapanda kwenye tawi, akaita, akashuka tena pale pale. Kinda lilitikisika mikononi mwa Jirani, akalifunika kidogo na kidole gumba lisilie, kwa sababu paka alikuwa bado pale.

Nilisikia Jirani anapumua kwa shida. Nilifikiri ni magoti.

"Aliona paka," akasema.

"Ndiyo, mama, yuko pale kwenye pipa."

"Ule mutu, Fundi. Alijua nakuya. Lakini aliona paka."

Nikaelewa, nikakaa chini kwenye vumbi. Zile sauti za wanaume, chini kidogo ya njia, zinapanda. Mtu fulani alizisikia kabla ya Jirani. Mtu fulani alilaza tawi vizuri, akainama kwenye nyasi ndefu na mtoto kifuani, mkono mdomoni mwake.

Jirani aliinua kidole gumba kidogo. Kinda halikulia. Lilikuwa limegeuza kichwa, linatazama mtini.

"Angalia," alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni kwenye rozari. "Hawezi kulia, nimemuziba. Lakini anaona. Anaona mama yake alirudi."

Nilichukua ufagio, nikamfukuza paka mpaka nje ya lango, na kwa mara ya kwanza nikalifunga lango lile mchana, naye hakunizuia. Alilinyanyua kinda mpaka kwenye tawi la chini la mparachichi, akalishikilia mpaka kucha zake zikashika. Shore mkubwa alikuja, akalisha, akaondoka kutafuta kingine.

Jirani akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye shina la mti. Halafu akaita jina. Lile jina. Hakulinong'ona, aliliita kwa kifua chote, kama mama anavyomwita mtoto chakula kikiwa tayari, na mwenye nyumba akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Nje, ng'ambo ya lango, msichana aliyebeba beseni la ndizi aligeuka kutazama, kisha akaendelea na njia yake. Sitaliandika jina hilo hapa. Ni jina fupi, na linasikika mbali.